Mpini wa mwarobaini kwa kisu cha mawimbi

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu, hifadhidata na Linux, na najua nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Leo pia sitaandika kuhusu tarakilishi, au nitaandika kidogo tu. Leo ni habari ya kisu, na hasa ile sehemu ya kisu ambayo watu hawaipigi picha: mpini.

Mwaka jana niliagiza bapa tupu, yaani kisu ambacho bado hakijatiwa mpini. Makali yake ni sentimita 15, mgongo una unene wa milimita 2, na nyuma yake kuna ulimi wa chuma wenye matundu mawili. Vipande viwili vya mbao hulala huku na huku juu ya ulimi huo, na hapo ndipo mpini unapopatikana. Bapa lenyewe ni la chuma cha pua chenye kaboni nyingi (wazee wa pwani wana neno zuri, feleji, na nitalitumia hapa), tena feleji ya mawimbi, ile ambayo wauzaji huiita Damascus. Ukiliweka kwenye mwanga unaona mistari myeusi na myeupe ikipindana kama maji yanayopita kwenye mawe.

Nililinunua kwa sababu ambayo watu wa kompyuta watanielewa. Mawimbi yale huonekana kwa msaada wa kloridi ya feri, kemikali ile ile tuliyoitumia chuoni kula shaba kwenye bodi za saketi. Ukishawahi kuzamisha bodi yako kwenye trei ya maji ya kahawia, ukasubiri shaba iliyozidi iyeyuke, halafu mtu akakwambia kwamba wahunzi wa visu wanafanya hivyo hivyo, basi usiku huo hulali. Mimi sikulala.

Kwa wale ambao hawajui: mhunzi huchukua aina mbili za feleji. Watu wengi hutumia 1095, yenye kaboni karibu asilimia 0.95, pamoja na 15N20, yenye kaboni pungufu kidogo na nikeli karibu asilimia 2. Huzipanga kwa zamu, moja juu ya nyingine, huzipasha moto kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi na kuzigonga mpaka zishikane zikawa kitu kimoja. Kisha hukata, hukunja, hugonga tena. Hesabu yake mtaipenda: ukianza na tabaka 7, mkunjo mmoja unakupa 14, wa pili 28, na ukifika wa tano una tabaka 224. Mpaka hapo huoni mchoro wowote, ni chuma cha kijivu tu. Ukikichovya kwenye kloridi ya feri, 1095 inaliwa haraka na kugeuka nyeusi, na 15N20 inabaki inang'aa kwa sababu nikeli inaikinga.

Jina Damascus lina utata wake. Ile feleji ya kale iliyosifiwa ilitengenezwa India na Sri Lanka kwa kuyeyusha chuma pamoja na kaboni ndani ya chungu kilichofungwa, na mawimbi yake yalitokana na chembe ngumu zilizojipanga zenyewe ndani ya chuma. Ufundi ule ulififia katika karne ya 19. Hii ya tabaka ilipata umaarufu wake wa sasa baada ya Mmarekani William F. Moran kuonyesha visu vyake mwaka 1973 kwenye maonyesho ya Knifemakers' Guild, na kuviita kwa jina hilo hilo la zamani. Siku hizi zipo hata za bandia, mawimbi yamechorwa juu juu kwa leza. Ukitaka kujua, piga msasa mahali padogo mpaka mchoro ufutike, kisha chovya tena. Kama ni ya kweli mchoro utarudi mahali pale pale, kwa kuwa uko mpaka ndani.

Na kabla mtu hajaniuliza: hapana, mawimbi hayaongezi ukali wowote. Kisu kizuri cha 1095 pekee kitakata vilevile. Mawimbi ni ya macho.

Sasa tuje kwa mtu atakayekitumia.

Mama yangu ni mama mboga, Nakuru. Amekuwa na kibanda chake tangu kabla sijaanza darasa la kwanza, na sehemu kubwa ya karo yangu ya chuo kikuu ilitoka kwenye sukuma wiki. Tena si sukuma wiki nzima, bali iliyokatwa. Wakenya mnanielewa. Saa kumi na mbili jioni watu wanashuka kwenye matatu wamechoka, wanataka sukuma iliyokatwa nyembamba, ya kumwagwa kwenye sufuria mara tu kitunguu kikiiva. Mama mboga asiyekata atalala na majani yake yakinyauka, na wateja watahamia kibanda cha pili.

Miaka miwili iliyopita kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilianza kumuuma, si juu, bali kule chini kabisa kinapoungana na kifundo cha mkono. Daktari alisema ni baridi yabisi ya kiungo hicho. Alimweleza kwamba dawa zitapunguza maumivu lakini kiungo kilicholika hakirudi, na akamshauri apunguze kazi za kubana vitu kwa gumba. Kubana kitu kwa gumba, kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku, ndiyo kazi ya Mama. Akamtafuta msichana wa kumsaidia kukata jioni, na malipo ya msichana yakala karibu faida yote. Kufikia Agosti alikuwa ameanza kusema kwamba Desemba ikifika atafunga kibanda. Alilisema kama mtu anayezungumza habari za mvua, huku akipanga nyanya.

Nilikwenda Nakuru nikaketi nyuma ya kibanda juu ya kreti ya soda, jioni tatu mfululizo, nikitazama mikono yake. Wenzangu mnaoandika programu mnajua kwamba kumwuliza mtumiaji anataka nini kunakupa jibu moja, na kumtazama akifanya kazi kunakupa jibu jingine. Nilipomwuliza tatizo la kisu chake ni nini, alijibu, "Kisu hakina shida, ni mkono." 

Kuna jambo ambalo maelezo mengi ya visu vya Wazungu na Wajapani hayalitaji, kwa sababu hawana haja nalo. Wao hukatia juu ya ubao. Kisu chao hupumzika juu ya ubao kila baada ya pigo, na mkono unasukuma tu. Sisi sukuma hatuikatii kwenye ubao. Unakunja majani yakawa fungu gumu ndani ya mkono wa kushoto, unalibana, na mkono wa kulia unapitisha kisu mbele ya vidole kwa mapigo mafupi mafupi, nyuzi za mboga zikianguka kwenye karai. Kazi yote iko hewani. Hii ina maana kwamba mkono wa kulia unabeba uzito wa kisu bila kupumzika hata mara moja. Tena mpini unashikwa kwa vidole vinne kama ngumi, na gumba limelazwa ubavuni kuzuia kisu kisizunguke. Mpini ukiwa mwembamba, kisu kinataka kuzunguka, na gumba linalazimika kubana zaidi. Na mikono imelowa, kwa hiyo gumba linabana zaidi tena.

Kisu chake cha zamani ni kile cha dukani chenye mpini wa plastiki. Lakini Mama alikuwa amekizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, akavifunga kwa uzi. Nimesoma ripoti nyingi za hitilafu kazini kwangu, na sijawahi kusoma iliyo wazi kama ile. Raba haikuwa sawa kila mahali. Ilikuwa nene sana katikati, upande wa kiganja, na nyembamba mbele. Pale pale gumba linapolala palikuwa na tabaka moja tu, limelika likawa na kijishimo. Nilipima kwa uzi: plastiki peke yake ilikuwa na mzingo wa sentimita 7, na kwenye raba nene, sentimita 11. Sentimita 11 ni kipenyo cha milimita 35. Niliporudi Nairobi nilitafuta, nikakuta mwongozo wa mwaka 2004 wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, unaosema mpini wa kifaa cha kushika kwa nguvu uwe na kipenyo cha milimita 32 hadi 51. Mama alifika hapo kwa tyubu ya baiskeli.

Kwa nini basi nisimpe tyubu mpya? Kwa sababu raba ile ilikuwa inanyonya maji, ilinuka, ilijaa vipande vya mboga ambavyo havioshwi, na kila baada ya wiki chache ilikatika.

Jioni ya tatu nilikanda unga wa chapati mgumu, nikauzungushia kijiti, nikamwambia Mama aushike kama anavyoshika kisu na akate hewani. Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Umesomea hii chuo kikuu?" Lakini alishika, na unga ukanipa umbo: tumbo nene kidogo nyuma ya katikati, kiuno mbele, bonde pana la gumba upande wa kushoto, na mwisho uliovimba ili kisu kisichoropoke mkono ukilowa. Nikauacha ukauke, nikausafirisha kwenye sanduku la viatu.

Nilichonga mifano mitatu kwa mbao za saiprasi, ambazo ni laini na hazina gharama, na kuifunga kwa utepe kwenye lile bapa la mawimbi, moja baada ya mwingine. Wa kwanza aliukataa kabla hajakata jani. Wa pili aliutumia robo saa, akanionyesha kwa kucha mahali pa kupunguza. Wa tatu alikata nao fungu zima bila kusema neno, nikajua tumekaribia. (Msichana wake wa kazi, ambaye ana mikono midogo, alisema ule wa tatu ni kama kushika chupa. Ni kweli. Mpini huu si wa kila mtu, na haukukusudiwa hivyo.)

Siku hiyo hiyo ya mfano wa tatu nilitoka kidogo kununua maji, niliporudi nikamkuta Mama anasugua bapa kwa waya wa kusugulia sufuria. "Hiki kisu umekiuziwa na madoa, mwanangu. Lakini yanatoka." Yalikuwa yanatoka kweli! Nusu ya mawimbi ilikuwa imeenda. Haikuwa hasara, kwa maana niliporudi Nairobi nilikisafisha kwa msasa mzuri na kukichovya upya: sehemu moja ya kloridi ya feri kwa sehemu tatu za maji, dakika kumi hivi, kwenye chombo cha plastiki, nikiwa na glavu na dirisha wazi. Baada ya hapo unakisuuza na kuua asidi iliyobaki kwa magadi, yale yale ya kupikia githeri. Mchoro ulirudi ulivyokuwa, nikajua pia kwamba aliyeniuzia hakunidanganya. Ukitaka kufanya hivi, fanya kabla ya kutia mpini, kemikali ile haina urafiki na mbao.

Sasa mbao. Kila mtu niliyemwambia habari hii alitaja mpingo, na ni kweli mpingo ni mti wa kifalme: mweusi, mgumu, hauvimbi ovyo, hutengenezewa klarineti na obo. Lakini una uzito wa karibu gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, unazama majini. Vipande vyangu viwili baada ya kuchongwa vingekuwa na ujazo wa sentimita 45 hivi, kwa hiyo mpini wa mpingo ungekuwa karibu gramu 54. Kwa mtu wa kukatia ubaoni si kitu. Kwa mtu anayekibeba hewani saa nne na kiungo kimelika, ni kitu. Halafu tangu Januari 2017 jamii nzima ya mpingo iko kwenye orodha ya pili ya CITES, na mimi sioni sababu ya kukata mti unaokua polepole namna ile ili nikatie sukuma.

Nilichagua mwarobaini. Una karibu gramu 0.7 kwa sentimita ya ujazo, yaani mpini wa gramu 32 hivi. Wadudu hawaupendi, hukua haraka, na pwani umejaa mpaka wachongaji wa vinyago wamehimizwa kwa miaka mingi wautumie badala ya miti ya msituni inayokwisha. Rafiki yangu wa Kilifi alikuwa amepunguza matawi ya mwarobaini wa nyumbani kwao na akanibebea gogo kwenye basi. Nililipasua vipande vya milimita 14, nikapaka nta kwenye ncha ili visipasuke, nikaviweka juu ya kabati. Kila Jumapili nilivipima kwenye mizani ya jikoni na kuandika kwenye lahajedwali. Mbao mbichi hupungua uzito kila wiki kwa kuwa maji yanatoka, na uzito ukiacha kushuka ndipo mbao imekauka kulingana na hewa ya mahali ulipo. Vyangu vilisimama baada ya wiki tisa. Ukiharakisha hapa, mbao itasinyaa baada ya kugandishwa, na utaona ukingo wa chuma umejitokeza, unakukwaruza kiganja.

Mama aliposikia ni mwarobaini alikataa. "Unataka nipeleke watu mboga chungu?" Nilimtumia kipande kilichopakwa mafuta na kukaushwa. Alikigusa kwa ulimi, akanipigia simu kusema kina ladha ya mafuta tu, na ladha hiyo haipendi, lakini uchungu hamna. Tukaendelea.

Wale tuliofanya KCPE tunakumbuka kukariri vifaa vya seremala: randa, tupa, jiliwa, patasi, keekee. Nilizikariri zote nikapata alama zangu bila kuwahi kugusa hata kimoja. Sasa nilizihitaji kweli, hasa keekee, na ya kusimama, kwa sababu tundu likienda upande hata milimita moja, fito haipiti. Nilikwenda Gikomba kwa fundi mmoja mwenye mashine hiyo. Alipoona nimechora mahali pa matundu kwenye vipande vyote viwili alitikisa kichwa. "Boss, ukitoboa yote sasa hayatakutana." Akakaza kipande kimoja kwenye ulimi wa kisu, akatoboa tundu la kwanza kwa kufuata tundu la chuma, akachomeka fito ya shaba humo ili kitu kisisogee, ndipo akatoboa la pili. Kisha akafanya hivyo kwa kipande cha upande mwingine. Chuma chenyewe hakuna mtu anayekitoboa wakati huo, kimeshafanywa kigumu na keekee itateleza tu. Matundu yake hutobolewa kabla mhunzi hajakipoza. Fito zangu ni za shaba ya manjano, milimita 5.

Kuna hatua moja inayopuuzwa na wengi, nami niliijua kwa kusoma sana kabla ya kuanza: ule uso wa mbele wa mpini, unaotazamana na makali, lazima umalizwe kabisa kabla ya gundi. Uchonge, uulainishe kwa msasa mpaka wa namba 400, uupake mafuta. Ukishagandisha, huwezi kuufikia tena bila kukwaruza bapa.

Gundi ni epoksi, ile ya kukauka polepole kwa saa 24, si ya dakika tano. Ya polepole hukupa muda wa kupanga, na hushika vizuri zaidi mahali penye maji. Kabla ya kuipaka, sugua ulimi wa chuma na upande wa ndani wa mbao kwa msasa mkali ili gundi ipate pa kung'ang'ania, kisha futa vyote kwa asetoni, ile ya saluni ya kuondoa rangi za kucha, lakini isiyotiwa manukato wala mafuta. Mbao zenye mafuta yake zenyewe, na mpingo ni mmoja wao, hazishiki gundi bila hatua hii. Paka kila mahali: kwenye chuma, kwenye mbao, ndani ya matundu, kwenye fito. Halafu klampu, lakini usikaze kama unayefunga nati ya gari! Ukikaza mno gundi yote inakimbilia nje na ndani panabaki pakavu, maji yatapita hapo na chuma kitaanza kuota kutu mahali usipopaona. Inayotoka mbele, karibu na makali, ifute mara moja kwa kitambaa chenye asetoni.

Siku iliyofuata nilifunga makali kwa kadibodi na utepe mwingi (vidole vyangu ndivyo vinavyonilisha) nikakikaza kisu kwenye jiliwa na kuanza kuchonga kwa tupa ya mbao. Ningeweza kutumia mashine ya msasa na kumaliza kwa saa moja. Lakini mashine inachemsha, joto hupita kwenye chuma na kulainisha epoksi, tena inakula haraka kuliko unavyofikiri. Kwa tupa nilitumia jioni tano. Mfano wa tatu wa saiprasi ulikuwa mezani mbele yangu, nikawa nalinganisha kwa uzi: mzingo kwenye tumbo sentimita 11, kiunoni 8.5, mwisho 10.5. Bonde la gumba nililiacha mwisho, nikalichimba kwa msasa uliozungushiwa kalamu. Vaa barakoa, jamani. Vumbi la mwarobaini linawasha koo, na la mpingo ni baya zaidi.

Nilisimamisha msasa kwenye namba 320. Ukienda mpaka 1000 mpini unang'aa kama kioo kwenye picha, na mkononi uliolowa unateleza kama sabuni. Kisha mafuta ya kitani, paka, subiri robo saa, futa, acha siku nzima, mara sita. Onyo moja la kweli hapa: matambara yenye mafuta ya kitani hayafai kurundikwa. Yanapokauka hutoa joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke moja moja.

Nilimpelekea Mama kisu mwishoni mwa Novemba. Hakusema kizuri wala kibaya. Alikunja fungu la sukuma akakata, akakata jingine, akamwambia msichana awahudumie wateja, yeye anakata. Saa mbili na nusu tulipofunga alikunja na kukunjua vidole vyake, akasema, "Leo gumba limekumbuka kazi yake." Usiku huo kidole kilimuuma, lazima niseme. Kinamuuma mpaka leo, hasa asubuhi za baridi. Mpini hautibu kiungo. Lakini msichana sasa anakuja jioni tatu kwa wiki badala ya sita, Desemba ilipita bila mtu kutaja habari za kufunga, na Januari Mama alilipia leseni ya kaunti ya mwaka mzima.

Bapa lenyewe haliko vizuri sana kwa macho. Feleji hii si ile isiyoshika kutu, inataka kufutwa kila baada ya kazi na kupakwa tone la mafuta ya kupikia, na nilimsihi Mama kisu hiki kisilale kwenye karai la maji. Wakati mwingine kinalala. Utomvu wa mboga na maji ya nyanya vimekitia rangi ya kijivu na samawati, na ile michirizi niliyokosea usingizi kwa ajili yake huioni mpaka ukiinamishe. Ukali anaupata kwa jiwe lake la siku zote. Mpini haujaachia hata unywele, nimeuchunguza kwenye mishono kwa kioo cha kukuza.

Wiki iliyopita nilimwuliza kama anataka kisu cha pili cha mawimbi, niagize bapa jingine. Alisema hapana, kile cha plastiki kinakata nyanya vizuri na hakishiki madoa. Akaniomba nikitie mpini kama huu. Kimefika kwa basi Ijumaa kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, tyubu yake na uzi wake vyote juu. Nilipovua plastiki nikakuta ulimi mfupi na mwembamba usio na tundu hata moja, sentimita 6 tu, kwa hiyo huu sikuweza kuufanya kwa vipande viwili: nimetoboa gogo zima la mwarobaini kwa ndani, nimechonga mifereji kwenye ulimi kwa tupa ili epoksi ipate pa kushika, nikaujaza. Uko kwenye jiliwa hapa kando ya kibodi yangu. Nitaufungua kesho mchana.